Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Ufunguo wa stoo ulikuwa wapi?

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu, Afya na Maji, Kamati ya Usimamizi ya Kituo cha Afya

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUKOSEKANA KWA SINDANO YA MAGNESIAMU LEBA, NA BIASHARA YA MAGNESIAMU NJE YA GETI LA KLINIKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliitia kwenye sanduku la maoni pale kituoni, lile lenye kufuli lililoshika kutu. Ya pili nilimkabidhi mganga mfawidhi mkononi. Ya tatu niliipeleka masjala ya ofisi yako, ikagongwa muhuri, nikapewa nakala yangu na kuambiwa itafanyiwa kazi. Nimerudi masjala mara tatu. Mara ya mwisho dada wa mapokezi aliniambia kwa upole kwamba faili liko mezani kwa mkubwa na mkubwa yuko safari. Miezi mitano imekatika. Naiweka hii hadharani bila nia ya kukuvunjia heshima. Nimeishiwa milango ya kubisha.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa sokoni. Nauza ufuta, mbaazi, karanga, mahindi, na korosho ukifika msimu wake. Udaktari sikusomea. Ninayoyajua kuhusu magnesiamu nimeyatafuta baada ya usiku mmoja, na kabla ya hapo neno lenyewe nilikuwa nalisikia kwenye matangazo ya simu tu.

Mdogo wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, wiki ya 35. Jumamosi ile aliamka na kichwa kinamuuma. Mchana akasema anaona vimulimuli. Jioni chembe ya moyo ikaanza kumbana, tukadhani ni kiungulia, tukamchemshia tangawizi. Naandika hili kwa aibu: hatukujua. Saa nne usiku, akiwa ameketi kwenye mkeka anasubiri chai ipoe, kikombe kilimponyoka, macho yakageuka, mwili mzima ukakakamaa. Jirani akasema apelekwe kwa shehe akasomewe, huyo ni jini. Shemeji yangu akaja na bajaji.

Kituoni nesi wa zamu alikuwa mmoja. Akamfunga mshipi wa presha: 180 kwa 120. Papo hapo akasema, "Hiki ni kifafa cha mimba. Anahitaji magnesiamu." Nilishusha pumzi, maana tumefika kwa mtu anayejua. Akafungua kabati la dharura la leba, akapekua rafu zote mbili, akarudi mikono mitupu.

Dawa ilikuwa stoo. Stoo ilikuwa imefungwa. Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa semina mjini tangu Alhamisi.

Nilisimama na yule nesi mbele ya mlango huo. Una kufuli la rangi ya shaba, na juu yake pamebandikwa karatasi: USIINGIE BILA RUHUSA. Tulimulika kwa simu kupitia wavu wa dirisha, maboksi tukayaona. Nesi alipiga namba tatu, hakuna iliyopokelewa. Akamchoma mdogo wangu diazepamu, ndiyo iliyokuwepo, akapiga 115 kuomba gari. Degedege la pili lilikuja kabla gari halijafika. La tatu lilimkuta njiani, na mimi nimemshika kichwa kisigonge chuma cha kitanda. Sindano ya magnesiamu aliipata hospitali, saa nane kasoro usiku. Alizinduka Jumatatu akauliza mtoto yuko wapi. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Simshtaki yule nesi. Usiku ule yeye ndiye mtu pekee niliyemwona akifanya kazi yake. Malalamiko yangu kwako ni haya.

1. Dawa ya dakika kumi imewekwa mahali pa siku tatu

Magnesiamu salfeti si jambo geni linalosubiri majaribio. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata kifafa cha mimba: waliopewa magnesiamu, hatari ya degedege kurudi ilikuwa karibu nusu ya wale waliopewa diazepamu. Mwaka 2002 yakaja majaribio ya Magpie, yaliyohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye presha ya mimba lakini hawajafikia kifafa. Sindano ilipunguza hatari ya kufika kwenye kifafa kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo mdogo wangu alipochomwa diazepamu, alipewa dawa iliyokwisha kushindwa kabla yeye hajaanza darasa la kwanza.

Nimeuliza dozi ya kuanzia ni kiasi gani. Gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 10 kwenye makalio, 5 kila upande. Kwa vichupa vya mililita 10 vyenye gramu 5 kila kimoja, ni vichupa vitatu. Ndugu Mganga Mkuu, vichupa vitatu vinaenea kwenye kiganja changu. Vingekaa kwenye kiboksi cha plastiki leba, pamoja na maji ya kuchanganyia, mabomba ya sindano na karatasi ya maelekezo, na kila anayepokea zamu akahesabu na kusaini.

Nilielezwa kwamba ufunguo unashikwa na mtu mmoja kwa sababu dawa zilikuwa zinaibiwa. Nakubali, wizi upo. Mimi nina ghala la magunia, na najua mtu huiba kitu chenye mnunuzi. Sindano ya kifafa cha mimba nani atainunua gengeni? Hata ghala langu la ufuta lina funguo mbili na daftari moja, na ufuta ukikosekana usiku hakuna anayekufa.

2. Presha haikupimwa

Ninayo kadi yake ya kliniki. Alihudhuria mara nne. Safu ya presha imejazwa mara moja tu, hudhurio la kwanza. La pili aliambiwa betri zimeisha. La tatu, mashine imeazimwa wodini. La nne pameachwa wazi, hata kistari hakuna. Kwenye safu ya mkojo ni "hakuna kipimo", mara zote nne, kwa miandiko mitatu tofauti. Hudhurio la nne miguu ilikuwa imevimba mpaka ndala hazimwingii, akaambiwa mimba ya kwanza ndivyo ilivyo.

Presha kufikia 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 ni alama ya kushtuka, na protini kwenye mkojo ni alama nyingine. Huhitaji mashine ya mamilioni kuziona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito aonane na mhudumu mara 8, na sisi akina mama tunahimizwa kila siku tuwahi kliniki. Tunawahi. Tunatoka nyumbani alfajiri, tunalipa bodaboda, tunakaa kwenye benchi mpaka saa saba, tunarudi na kadi yenye nafasi wazi. Betri zile zinauzwa duka la tatu kutoka kwangu.

3. Wauguzi wanaiogopa

Hili nililisikia kwa muuguzi wa mahali pengine kabisa, na sikulitegemea. Alisema hata dawa ikiwa kabatini, wapo wanaosita kuianza, kwa sababu ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi, na hawajaonyeshwa kwa vitendo namna ya kumlinda mgonjwa. Basi wanaandika rufaa haraka, mgonjwa anaondoka bila dozi, lawama inahamia hospitali.

Hofu hiyo ina dawa yake. Unagonga goti kuona kama mguu unaruka. Unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unapima mkojo, usipungue mililita 100 kwa saa nne. Na unaweka karibu kalsiamu glukoneti, gramu 1 ya kuchoma kwenye mshipa mambo yakiharibika. Pia maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yako wazi kuhusu mahali ambapo matibabu kamili hayawezekani: mpe dozi ya kuanzia, kisha msafirishe mara moja. Mafunzo haya ni ya kufanyika leba kwa zamu, mkono kwa mkono, asubuhi moja. Semina ya mjini iliyomwondoa mtunza stoo na ufunguo wake mfukoni sijui ilikuwa ya nini. Natumaini haikuwa ya huduma za dharura.

4. Meza iliyo chini ya mwembe

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na ambalo barua zangu tatu za kwanza hazikuligusa kwa sababu nilikuwa bado sijaliunganisha.

Siku za kliniki, nje ya geti la kituo, chini ya mwembe, kuna meza yenye kitambaa cheupe. Kijana nadhifu ana kompyuta mpakato na kipande cha chuma chenye waya. Unakishika mkononi kwa dakika moja, karatasi inatoka ikitaja magonjwa yako. Mdogo wangu alipimwa hapo mimba ikiwa ya miezi mitano, baada ya mhudumu mmoja wa kituo kumwambia, "Pitia kwanza pale chini ya mwembe, utajua mwili wako." Karatasi ninayo. Magnesiamu: pungufu. Homoni za kike: zimevurugika. Ini: limechoka. Akauziwa kopo la vidonge vya magnesiamu kwa shilingi 65,000, akaambiwa uvimbe wa miguu, kichwa kuuma na usingizi wa mang'amung'amu vyote chanzo chake ni upungufu huo.

Baada ya msiba nilikwenda nikakishika kile chuma mwenyewe. Ini langu nalo limechoka, na homoni zimevurugika. Nikanunua maji, nikazunguka, nikarudi baada ya dakika kumi nikamwambia kijana turudie. Ini likawa limepona.

Magnesiamu iliyo ndani ya damu haifiki hata asilimia 1 ya ile iliyo mwilini. Nyingine imo kwenye mifupa na ndani ya chembe za misuli na viungo. Kwa hiyo hata maabara ya kweli, ikichukua damu ya kweli, haikupi picha kamili. Chuma cha kushika kitaipata wapi?

Sisemi upungufu haupo. Upo, hasa kwa mwenye kutapika sana, mwenye kuharisha muda mrefu, au mwenye kisukari kisichotulia. Wala sisemi vidonge ni sumu. Mjamzito anayekazwa na misuli ya miguu usiku anaweza kupewa magnesiamu akipenda. Mwongozo wa 2016 unaruhusu. Lakini kuwapa wajawazito wote vidonge ili kuzuia matatizo ya mimba ni jambo jingine: mwaka 2014 watafiti walipopitia majaribio yaliyokuwepo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba vinasaidia. Kuhusu hedhi yenye maumivu na hizo zinazoitwa homoni kuvurugika, tafiti ni chache na ndogo, na hakuna inayompa mtu haki ya kuuza kopo kwa maneno yale. Tena mwenye figo dhaifu magnesiamu humjaa mwilini, na kifafa cha mimba chenyewe huumiza figo.

Mchana wa Jumamosi ile, kichwa kilipomzidi, mdogo wangu alimeza vidonge viwili. Akaniambia, "Dada, ni magnesiamu tu imeshuka, itatulia." Ndiyo maana hatukuondoka saa nane mchana, wakati bodaboda zilikuwepo na mtunza stoo pengine angepatikana kwa simu. Usiku nesi alipotamka "magnesiamu", mama yetu alijibu kwa haraka, "Anazo, amekunywa." Neno ni moja. Aliyekaa kijijini atajuaje kwamba kidonge cha kopo hakina uwezo wa kuzuia degedege, na kwamba sindano hapewi kwa sababu amepungukiwa, anapewa ili ubongo usishtuke tena? Hilo alipaswa kuelezwa na kliniki. Badala yake kliniki ilimwelekeza mwembeni.

5. Lishe

Hapa nitakuwa mfupi maana ni uwanja wangu. Bango la kliniki linasema "kula mlo kamili", basi. Mjamzito anahitaji kama miligramu 350 za magnesiamu kwa siku, na wilaya hii imeijaza tele: ufuta, korosho, karanga, mbegu za maboga, mbaazi, maharage, mchicha, dona. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe sehemu kubwa inaondoka na pumba, nasi pumba tunawauzia wafuga kuku. Kijiko cha ufuta wa kukaanga juu ya mboga ni pesa ndogo kuliko kidonge kimoja cha lile kopo. Mkihitaji mtu wa kuja kulieleza hilo kwenye benchi siku za kliniki, mimi nitafunga kibanda nije, bure. Ila chakula hakitibu presha ya mimba, na hilo nalo lisemwe wazi.

6. Kadi baada ya kujifungua

Kwenye kadi aliyorudi nayo kituoni pameandikwa tarehe, uzito wa mtoto, na kwamba alijifungua kwa njia ya kawaida. Kifafa cha mimba hakikutajwa. Maana yake mimba ijayo atapokelewa kama mzazi asiye na historia yoyote, wakati mwenye historia kama yake anastahili kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, kabla ya wiki ya 20. Wala hakuna aliyetuambia kwamba degedege linaweza kuja hata baada ya kujifungua, na kwamba presha yake ifuatiliwe.

Majibu ninayoyatarajia

Nimeyasikia karibu yote masjala na kwingine, nikuokolee muda.

Mtasema Bohari ya Dawa inachelewesha. Safari hii haikuchelewesha, niliyaona maboksi.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli, na nesi mmoja kwa leba nzima usiku ni jambo la kuwasumbua ninyi mlio juu kuliko mimi. Lakini uchache wa watumishi ndiyo sababu kubwa ya kuweka dawa pale alipo huyo mmoja, asiachwe akimbizane na funguo.

Mtasema akina mama wanachelewa, na familia zinaamini majini. Tulichelewa, nimekiri. Hata hivyo tulifika saa nne na nusu usiku. Kutoka hapo mpaka saa nane kasoro, ucheleweshaji ulikuwa wenu.

Mtasema meza ya chini ya mwembe iko nje ya uzio, haiwahusu. Mhudumu aliyemwelekeza alikuwa ndani ya uzio, amevaa sare.

Na mtasema vifo vya uzazi vimepungua. Nafurahi na naipongeza serikali kwa dhati: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Mdogo wangu hayumo kwenye hesabu hiyo, hakufa. Mtoto wake naye hayumo, kwa kuwa hiyo ni hesabu ya akina mama. Usiku ule haumo popote, isipokuwa kwenye barua zangu.

Ninachoomba

Kwanza, ndani ya siku 14, kila kituo cha afya na zahanati inayozalisha wilayani kiwe na kiboksi cha kifafa cha mimba leba: dozi ya kuanzia ya magnesiamu, kalsiamu glukoneti, vifaa vyake, na daftari la makabidhiano ya zamu. Ufunguo wa pili wa stoo ukae kwa kiongozi wa zamu.

Pili, mashine ya presha inayofanya kazi na vipimo vya mkojo kila siku ya kliniki. Vikikosekana, pabandikwe tangazo ubaoni na Kamati ya Usimamizi ijulishwe siku hiyohiyo, wananchi tujue tuchangie au tupige kelele.

Tatu, mafunzo ya vitendo kwa wauguzi na wakunga wote wa leba ndani ya miezi mitatu, yafanyikie vituoni kwao.

Nne, mhudumu yeyote asielekeze mjamzito kwa muuza virutubisho, na meza ile iondolewe getini mpaka mamlaka zinazohusika zikikague kile chuma.

Tano, kadi ya mdogo wangu irekebishwe, iandikwe kilichompata.

Sita, jibu la maandishi. Likibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kituo, nitalisoma hapo hapo.

Nitakuwa sokoni kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Nakala ya kadi ya kliniki na ile karatasi ya mwembeni nimeziacha masjala leo asubuhi, zimegongwa muhuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza nafaka, dada wa mgonjwa